Corolla inagonga miguu: mwongozo kamili wa kukagua na kubadilisha tairodi, boljointi, bushi na shokapu

Nilishawahi kubadilisha shokapu mbili za mbele, mpya kabisa, nikatoka gereji nimejaa furaha, na tuta la kwanza tu: ko! Mlio uleule. Nikarudi. Fundi akasema basi ni boljointi. Tukabadilisha boljointi. Ko! Wiki ya tatu mzee mmoja jirani, fundi mstaafu, aliinama chini ya gari, akashika stabilaiza (ile fimbo inayopunguza gari kulala upande kwenye kona) kwa mkono na kuitikisa. Ikacheza kwenye raba zake kama jino bovu. "Kijana wangu," akasema, "wewe umekuwa ukinunua dawa kabla ya kupima." Raba mbili zile ziligharimu kama sahani mbili za chipsi mayai.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupima, na utakaa hapo muda mrefu. Kufunga spea kila mtu anaweza akifundishwa. Pesa nyingi zinapotea kwa kununua spea isiyohusika, na nyingine kwa kuifunga vibaya spea iliyo sahihi.

Nitatumia Toyota Corolla AE110, ile iliyotoka mwaka 1995 na injini ya 5A ya cc 1500, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Mbele ina shokapu iliyovaa springi, chini yake amu moja (mkono wa chuma) yenye bushi mbili (raba zenye chuma katikati), boljointi inayounganisha amu na nako (kile chuma kizito kinachobeba beringi na habu, yaani kitovu cha tairi), kisha tairodi, fimbo ya kugeuza tairi, inayotoka kwenye stelingi raki. Ukiwa na Corolla ya 100, Carina, Premio, Raum au Vitz, mpangilio wa mbele ni wa ukoo huohuo. Vitu vichache tu hutofautiana: baadhi ya magari boljointi imeshikana na amu, hivyo unanunua amu nzima.

Sikiliza kwanza

Toa kila kitu kinacholia ndani ya gari: jeki kwenye buti, chupa chini ya kiti, sarafu kwenye kisahani. Usicheke, nimewahi kuhangaika siku mbili na wili spana iliyokuwa imelala pembeni ya tairi la akiba.

Sasa endesha polepole kwenye njia mbovu, vioo vimeshushwa, redio imezimwa. Mlio mwepesi wa mfululizo kwenye rasta au kokoto, "kokokoko", mara nyingi ni stabilaiza linki (viungo vya ncha zake) au raba za stabilaiza. Mlio mmoja mzito wa kugonga unapoingia shimoni, au unapokanyaga breki na tena unapoachia, elekeza macho kwenye bushi za amu. Mlio wa kukauka, "kwiii", gari linapopanda na kushuka taratibu kwenye tuta, ni wa boljointi iliyoishiwa grisi au bushi iliyokauka. Ukizungusha usukani gari likiwa limesimama na ukasikia "ding" kama springi inayojikunja na kuachia, hiyo ni maunti ya juu ya shokapu, yaani kishikio chake kwenye bodi. Beringi yake imekwama. Na kama usukani una uwazi, yaani unauzungusha kidogo na tairi hazijajibu, shaka ni tairodi endi (kiungo cha nje cha tairodi), raki endi (kiungo chake cha ndani), au kile kiungo cha chini cha fimbo ya usukani.

Tairi nazo zinasema. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kama upande mmoja wa mwendo unahisi laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, mwelekeo wa tairi za mbele (alaimenti) umeharibika, na mara nyingi chanzo ni tairodi. Tairi lenye mabonde-mabonde kuzunguka linalalamikia shokapu.

Ukaguzi wa mikono

Anza gari likiwa chini, tairi zote ardhini. Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote na wengi hukiruka. Weka ufunguo ili usukani usijifunge, injini ikiwa imezimwa. Mwombe mtu akae ndani, atikise usukani kushoto na kulia, kidogo tu na haraka haraka, bila kuzungusha tairi. Wewe lala chini na uweke kidole kwenye maungio ya tairodi endi na nako: nusu ya kidole kwenye tairodi, nusu kwenye nako. Kiungo kizima hakihisiki. Kiungo kilichokufa utakisikia kikigonga kwenye ncha ya kidole kabla hata hujakiona. Hamia kwenye ile raba yenye mikunjo inayofunika raki, ibane kwa mkono ushike chuma kilicho ndani, na mwenzako aendelee kutikisa. Ukihisi kitu kinagonga humo ndani, hiyo ni raki endi, na tairodi endi mpya haitakusaidia chochote.

Kisha inua upande mmoja, uweke stendi chini ya chesisi, tairi lining'inie. Shika tairi kushoto na kulia, kama usukani, usukume na kuvuta. Uwazi hapo ni tairodi. Shika juu na chini, ufanye vilevile. Uwazi hapo ni boljointi au beringi ya tairi. Utazitofautishaje? Mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, utikise tena. Uwazi ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Kuhakikisha zaidi, ingiza mtaimbo kati ya amu na nako ubinye taratibu. Boljointi nzima haitembei juu na chini hata kidogo. Angalia na raba yake ya vumbi: ikipasuka, maji na mchanga vimeshaingia, na ukiona uji wa rangi ya kutu unavuja pembeni, hakuna mjadala tena.

Bushi za amu zinahitaji tochi. Nyufa ndogo za juu juu ni uzee wa kawaida. Kinachotafutwa ni raba iliyoachana na chuma, au tundu la katikati lililohama likawa upande mmoja. Binya amu kwa mtaimbo mbele na nyuma. Ikitembea kwa urahisi kama inaogelea, bushi imekwisha.

Shokapu yenye unyevu mdogo wa vumbi la mafuta sehemu ya juu bado inaweza kufanya kazi. Inayotiririka mafuta mpaka chini imekufa. Kipimo cha kubonyeza bampa na kuhesabu gari linadunda mara ngapi kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Ile iliyochoka nusu inapita mtihani huo vizuri. Kwa maunti ya juu, weka kiganja kwenye springi wakati mwenzako anazungusha usukani mpaka mwisho. Springi inapaswa kuzunguka kwa ulaini. Ikijikaza halafu ikaruka mkononi mwako, umempata mwizi.

Andika ulichokikuta. Kipande kimoja kimoja, kushoto au kulia. Ndipo uende dukani.

Kuhusu spea

Kariakoo, Ilala, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utapewa chaguo tatu: mpya ya jina, mpya isiyo na jina, na ya mtumba iliyotoka Japani. Msimamo wangu ni huu. Boljointi, tairodi endi na raki endi, nunua mpya ya jina, kwa sababu ndivyo vitu ambavyo vikikatika tairi linageukia linakotaka. Shokapu ya mtumba ni bahati nasibu. Amu ya mtumba iliyonyooka ni nzuri kabisa, ila bushi zake ni za umri uleule wa zako, kwa hiyo panga kuzibadilisha.

Maboksi ya 555 na KYB yanajulikana sana sokoni, na kila jina linaloaminika huigwa, kwa hiyo usinunue boksi. Itoe boljointi, shika ile pini uizungushe kwa vidole. Inapaswa kuwa nzito na laini, ikisogea kwa upinzani uleule pande zote. Ikicheza kama toi, au ikiwa na sehemu inayokwama, irudishe kwenye kaunta. Raba ya vumbi iwe laini, isiwe ngumu ya plastiki.

Kuna na ile njia ya mkato: kugonga boljointi kwa nyundo ili ibane, kuchomelea, kujaza shokapu mafuta upya, kuchonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu. Ya mwisho naielewa kwa mtu aliyekwama porini. Boljointi ya kuchomelea siielewi popote.

Usalama, kwa ufupi na kwa ukali

Fanyia kazi kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare, tairi za nyuma zimewekewa vizuizi. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likae kwenye stendi. Usitumie tofali la saruji hata kwa dakika tano, kwa sababu halipindi wala halionyi; linapasuka ghafla. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya chesisi kama bima ya pili. Legeza nati za tairi (namba 21) kabla ya kuinua.

Kunyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote jioni ya jana yake kutakuokolea saa nzima ya matusi. Sugua uzi wa boliti kwa brashi ya waya kwanza.

Tairodi endi

Hii ndiyo kazi ya kuanzia kwa asiyewahi. Legeza ile nati ya kufungia iliyo kati ya tairodi na tairodi endi robo mzunguko tu, huku ukiizuia tairodi kwa spana nyingine. Kabla ya kwenda mbali, weka alama ya rangi kwenye uzi pale nati ilipokaa. Nyoosha kotapini (kipini cha kukunjwa kinachozuia nati isifunguke) na uichomoe, legeza nati ya pini lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache.

Pini hii imebana kwenye tundu lenye umbo la koni, ndiyo maana haitoki kwa kuvutwa. Usigonge ncha ya uzi. Kama huna kifaa cha kung'olea, chukua nyundo mbili: moja iegemeze upande mmoja wa jicho la nako, nyingine gonga upande wa pili kwa pigo moja zito. Jicho linatanuka kwa sehemu ndogo ya sekunde na pini inaruka. Ile nati uliyoiacha ndiyo inayoizuia isikuangukie.

Fungua tairodi endi ukihesabu mizunguko. Hesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea, na andika. Kumi na saba na nusu ni kumi na saba na nusu. Funga mpya kwa idadi hiyohiyo, hata hivyo linganisha urefu wa ya zamani na mpya kwanza, maana zikitofautiana hesabu inadanganya. Futa koni na tundu lake pawe pakavu. Usipake grisi pale. Kaza nati ya pini kwa Nm 49 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha kama tundu la kotapini halijalingana, endelea kukaza mpaka lilingane. Usirudishe nyuma kamwe. Kotapini iwe mpya, isiwe msumari wala waya wa kufungia nondo.

Boljointi

Kwenye AE110 boljointi inashikwa kwenye amu kwa boliti moja na nati mbili, na pini yake inapanda juu kuingia kwenye nako. Shida ni kwamba nati ya pini imejificha chini ya jointi ya ekseli (fimbo inayozungusha tairi), nafasi ni finyu. Mafundi wengi hufungua nati ya ekseli (namba 30) ili ekseli isogee. Ukiamua hivyo, toa kotapini yake na uilegeze nati hiyo gari likiwa bado chini na breki imekanyagwa.

Gari likiwa juu ya stendi na tairi limetoka, fungua boljointi kutoka kwenye amu. Sukuma amu chini kwa mtaimbo mrefu, iachane. Vuta nako nje taratibu, gonga ncha ya ekseli kwa kipande cha mti, isukumie ndani. Usiivute ekseli kuelekea kwako, maana jointi ya upande wa gia boksi inaweza kuachana ndani ya raba yake, na hapo umejitengenezea kazi mpya. Angalia pia mpira wa breki usivutike, na kama gari lina ABS, waya wa sensa uupe nafasi.

Toa nati ya pini, ng'oa boljointi kwa kifaa au kwa nyundo mbili kama kule kwenye tairodi. Uma wa kugongea unafanya kazi, lakini unachana raba ya vumbi, kwa hiyo utumie pale tu kile kinachotoka kinaenda jalalani. Rudisha kinyume cha ulivyofungua. Gari lisisukumwe wala kubeba uzito wake kabla nati ya ekseli haijakazwa kwa kipimo cha mwongozo wa kiwandani. Beringi ya tairi inategemea nati hiyo.

Bushi za amu, na kosa linaloua bushi mpya

Kutoa amu ni boliti za mbele na nyuma tu, baada ya kuachanisha boljointi. Ila kabla hujalegeza, angalia kama boliti ina njia ya kutoka yote. Kwenye baadhi ya magari ya otomatiki injini au gia boksi inaziba njia, na hapo lipeleke kwa fundi mwenye vifaa vya kushikilia injini.

Bushi hutolewa na kuingizwa kwa presi. Kabla ya kusukuma ya zamani, chora mstari kwenye amu unaoonyesha upande ambao matundu ya raba yameelekea. Bushi iliyoingia ikiwa imezungushwa itakaa ngumu mahali palipotakiwa ulaini. Ikihitaji kulainishwa, tumia maji ya sabuni. Grisi ya kawaida inaivimbisha raba.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo bushi nyingi mpya hufia. Bushi haizunguki kama beringi. Chuma chake cha ndani kinabanwa na boliti kisiende popote, na amu inapopanda na kushuka ni raba yenyewe inayojipinda. Ukikaza boliti huku tairi linaning'inia, umeiambia raba kwamba hali ya kuning'inia ndiyo kupumzika kwake. Ukishusha gari, raba inajipinda na kubaki imepindika kwa saa ishirini na nne, hata gari likiwa limelala. Kila tuta linaizidishia. Miezi michache tu inachanika, na mwenye gari anamlaumu muuza spea.

Kwa hiyo ingiza boliti zote, zikaze kwa mkono tu zishike. Rudisha tairi, shusha gari, litikise juu na chini mara kadhaa likae sawa, ndipo ulale chini ukaze kwa nguvu kamili. Kama hufiki, weka jeki chini ya boljointi na uinue mpaka gari linaanza kuachia stendi. Hapo amu iko karibu na mahali pake pa kawaida. Kanuni hii inahusu pia zile fimbo za nyuma, ambazo kwenye AE110 zina bushi kila mwisho na kila mtu huzisahau.

Ukipeleka gari gereji, hili ndilo la kusimamia. "Fundi, boliti za amu naomba tukaze likiwa chini." Akikucheka, tafuta mwingine.

Shokapu

Badilisha zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma. Kabla ya kufungua boliti mbili za chini zinazoshika nako, chora alama kuzunguka vichwa vyake, maana mkao wa tairi unategemea hapo. Ondoa mpira wa breki kwenye kishikio chake. Fungua boliti za chini, kisha nati tatu za juu ndani ya boneti. Nati ya katikati usiiguse gari likiwa hapo.

Springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya. Tumia vibanio viwili vya springi, kimoja kila upande, ukikaza kwa zamu mzunguko mmoja mmoja, mpaka springi iachane na kikombe chake cha juu na ichezecheze. Ndipo ufungue nati ya katikati, uso wako ukiwa pembeni, usiwe juu yake. Usipokuwa na vibanio vizima, lipa gereji wakufanyie sehemu hiyo tu. Mimi hufanya hivyo.

Shokapu mpya isimamishe wima, ivute na kuibonyeza mpaka mwisho mara tano au sita kuondoa hewa iliyojikusanya ilipokuwa imelazwa dukani. Weka raba mpya ya kuzuia kugonga na kifuniko cha vumbi. Mwisho wa springi lazima ukae kwenye kile kidaraja cha kikombe. Ukikosea kidogo, mlio wa "ding" utakukaribisha. Na maunti ya juu ikiwa na miaka zaidi ya kumi, ibadilishe papo hapo, maana kazi ya kuifikia umeshaifanya.

Kunyoosha tairi

Ukiwa umegusa tairodi, amu au shokapu, alaimenti ni lazima. Kama mashine iko mbali, kamba itakufikisha. Nyoosha usukani, endesha mbele mita chache usimame bila kurudi nyuma. Pima umbali kati ya tairi mbili za mbele kwenye kimo cha habu kutoka chini, mara upande wa mbele wa tairi, mara upande wa nyuma, ukitumia mstari uliochora katikati ya tairi. Tofauti iwe karibu na sifuri. Zikifunguka mbele kama miguu ya bata, rekebisha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa ili usukani ubaki umenyooka. Nusu mzunguko wa tairodi ni mwingi kuliko unavyodhani. Halafu nenda kwenye mashine ndani ya siku chache.

Nati za tairi kaza kwa mtindo wa kuvuka, Nm 103. Baada ya kama kilomita 200, rudi chini ya gari na spana zako upitie kila nati uliyoigusa. Kila nati yenye kotapini, angalia kama bado ipo na imekunjwa. Zisizo na kotapini zipake nukta ya rangi inayovuka nati na chuma kilicho pembeni yake, ili safari ijayo utazame tu kwa tochi kama nukta imekatika.